PS au kompyuta? Kabla ya kununua, uliza itakaa wapi

Desemba iliyopita dada yangu alinipigia simu Jumamosi asubuhi, kabla hata sijapiga mswaki. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala na jambo kichwani.

"Mdogo wangu, wewe ndiye msomi wetu. Mpwa wako kafaulu darasa la saba, na mimi niliahidi zawadi. Sasa yeye anataka kompyuta ya kuchezea gemu la mpira. Baba yake anasema tumchukulie PS. Hela ninayo, ila inatosha kitu kimoja tu. Nishike kipi?"

Hela yenyewe ilikuwa ya kikoba. Mwaka mzima aliweka kila Jumapili, na mgawo ulikuwa umetoka wiki hiyo hiyo. Akikosea, hakuna mgawo mwingine mpaka Desemba nyingine.

Mimi huandika habari za afya. Nikiulizwa kuhusu chanjo, presha au kisukari, najua pa kuanzia. Gemu si kazi yangu. Lakini tangu siku ile wazazi kadhaa wameniuliza swali lile lile, na nimeona kwamba wengi wetu tunaanza vibaya. Tunauliza ipi ina picha nzuri, ipi ina nguvu, ipi inadumu. Hayo ni maswali ya dukani. Swali la nyumbani ni hili: mashine hiyo itakaa wapi, na nani atakuwa anaiona?

Nilichojifunza chini ya chandarua

Kabla sijamjibu dada, nilikumbuka mwaka wangu wa pili chuoni. Baba alikuwa amejinyima akaninunulia kompyuta mpakato "ya masomo". Ndani yake nikaweka gemu la kuongoza timu ya mpira. Usiku nilikuwa nashusha chandarua, nazima taa, navaa hedifoni. Mwenzangu wa kitanda cha juu alidhani nasoma. Mechi moja, kisha moja tena, kisha ya mwisho kabisa. Mara kadhaa nilistuliwa na adhana ya alfajiri.

Muhula ule nilirudia somo la takwimu. Nyumbani nilisema mtihani ulikuwa mgumu. Baba, kama unasoma hapa leo, naomba radhi.

Sikuwa kijana mkorofi. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mtu mzima kabisa, nikashindwa kujizuia kwa sababu mashine yangu iliweza kuingia ndani ya chandarua na hakuna aliyeiona. Sasa fikiria mtoto wa miaka kumi na mitatu.

Hapa ndipo tofauti kubwa ya vitu hivi viwili ilipo. PS huchomekwa kwenye runinga, na katika nyumba zetu nyingi runinga ni moja na iko sebuleni. Anayecheza anaonekana na kila anayepita kwenda jikoni. Kompyuta mpakato hufungwa na kubebwa kwapani. Inaingia chumbani, inaingia kitandani, na mlango unafungwa.

Usingizi, macho na shingo

Wataalamu wa usingizi wa Marekani wanashauri mtoto wa miaka 6 hadi 12 alale saa 9 hadi 12 kwa siku, na wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10. Piga hesabu ya mtoto wako. Kama anaamka saa 11 alfajiri ili awahi daladala, basi ili apate hata hizo saa 8 inabidi saa 3 usiku awe ameshalala. Si kuingia kitandani, kulala. Gemu linalochezwa chumbani linakula saa hizo bila kelele, na kinachoonekana asubuhi ni mtoto mwenye hasira, anayesinzia darasani na kulalamika kichwa. Mzazi anakimbilia kupima malaria.

Kuhusu macho, umbali una maana. Kompyuta hukaa karibu, kama urefu wa mkono. Runinga huwa mbali zaidi, mita mbili na kuendelea kama sebule inaruhusu. Macho yanayotazama karibu kwa muda mrefu huchoka, hukauka na kuwasha, kwa sababu mtu akikodolea kioo hupepesa kope mara chache. Ushauri mwepesi wa kukumbuka ni huu: kila baada ya dakika 20, atazame kitu kilicho umbali wa mita 6 kwa sekunde 20. Lililo bora zaidi ni kumtoa nje. Watoto wanaokaa nje mchana, kwenye mwanga wa jua, wana uwezekano mdogo wa kupata tatizo la kutoona mbali.

Shingo na mgongo navyo vina lao. Kompyuta mpakato ikiwekwa mapajani humlazimu mtoto kuinamisha kichwa. Iwekwe mezani, ukingo wa juu wa kioo ukaribiane na usawa wa macho, na miguu iguse chini.

Jambo jingine husemwa mara chache. Wapo watoto wachache ambao taa zinazomweka haraka kwenye kioo zinaweza kuwaletea degedege. Mwaka 1997 nchini Japani mamia ya watoto walipelekwa hospitali baada ya kutazama kipindi kimoja cha katuni za Pokémon kilichokuwa na mwanga wa kumweka mwekundu na wa bluu. Kama mtoto wako ana kifafa au amewahi kupata degedege, zungumza na daktari kabla ya kununua mashine yoyote. Hatari hupungua mtoto anapokaa mbali na kioo, taa ya chumba ikiwa inawaka, na akiwa hajakosa usingizi. Kulalia kompyuta gizani ni kinyume cha yote matatu.

Gemu moja, matoleo tofauti

Gemu analolilia mpwa wangu ni EA Sports FC, lile ambalo wengi bado tunaliita FIFA. Jina lilibadilika mwaka 2023, baada ya kampuni ya EA na shirikisho la FIFA kuachana. Kila mwaka hutoka toleo jipya, na hutoka kwa mashine nyingi kwa pamoja. Toleo la FC 26 la mwaka 2025, kwa mfano, lilitoka kwa kompyuta, kwa PS5 na hata kwa PS4, mashine iliyoingia sokoni mwaka 2013. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba PS4 imekufa.

Ila si sawasawa. Toleo la kompyuta na la PS5 lina miondoko ya wachezaji iliyo ya kisasa zaidi kuliko la PS4. Na kwa wanaocheza mtandaoni, wa PS5 wanaweza kukutana na wa kompyuta, wakati wa PS4 hawakutani na wa PS5. Ndiyo maana ni vizuri kujua rafiki zake wana mashine gani kabla hujatoa hela.

Gharama zinakuja baadaye. Hizi ndizo nilizomwandikia dada.

Kompyuta yenye uwezo wa kuendesha gemu hili vizuri ni ghali kuliko PS4 iliyotumika. Kompyuta ya kawaida ya ofisini italifungua kwa shida, au isilifungue kabisa. Na bado utanunua pedi ya kuchezea, kwa sababu kucheza mpira kwa vitufe vya kompyuta ni mateso.

Kwa kompyuta, gemu hupakuliwa mtandaoni. FC 24 ilidai nafasi ya GB 100. Linganisha na bando unalonunua kwa wiki. Gemu lililonunuliwa hivyo hubaki kwenye akaunti. Haliuziki wala haliazimishwi. Diski ya PS unaweza kuinunua mkononi, ukabadilishana na jirani, ukaiuza toleo jipya likitoka. Angalia tu yasikukute haya mawili: zipo PS5 zisizo na sehemu ya kuingizia diski, na diski ya PS5 haichezi kwenye PS4.

Upande wa pili, kucheza gemu hili mtandaoni kwa PS kunadai ada ya huduma ya PlayStation Plus. Kwa kompyuta hakuna ada hiyo, ni bando lako tu.

Umeme nao. PS5 ikiwa kazini hula karibu wati 200. Saa mbili kwa siku ni uniti 0.4, yaani uniti 12 kwa mwezi, bila kuhesabu runinga. Na PS haina betri. Umeme ukikatika katikati, kazi iliyokuwa ikihifadhiwa inaweza kuharibika. Kompyuta mpakato yenye betri nzima huvuka salama. Ukichukua PS, tenga hela ya stabilaiza.

Milango ya nyumba

Nilimuuliza dada: nyumba yako ina milango mingapi ya kutokea nje? Akasema miwili. Nikamwambia PS ni kama nyumba yenye mlango mmoja, na kompyuta ina mlango kila ukuta.

Kwenye PS, mzazi hufungua akaunti yake, kisha humfungulia mtoto akaunti iliyo chini yake. Hapo anapanga muda wa kucheza kwa kila siku, kiasi cha fedha anachoweza kutumia kwa mwezi, na kama anaruhusiwa kuzungumza na watu mtandaoni. Weka fedha sifuri. Weka namba ya siri ambayo si mwaka wako wa kuzaliwa, maana wanaujua.

Kompyuta ya Windows nayo ina mipango ya familia, na inafanya kazi. Lakini duka la gemu lina mipango yake, programu ya kuchati ina yake, na intaneti yote iko wazi pembeni. Mzazi lazima afunge mlango mmoja mmoja, na ajue upo.

Mlango wa hatari kuliko yote ni gemu la bure la kwenye flashi. Mimi mwenyewe nilishalipa. Mwaka ule ule wa chandarua nilinakili gemu lililovunjwa kutoka kwa jamaa, likaja na virusi, na ripoti yangu ya mafunzo kwa vitendo ikapotea yote. Kwenye kompyuta ya nyumbani, hiyo ingekuwa hesabu ya duka la mama au picha za harusi. Ikiwa kompyuta hiyo ndiyo mnayofanyia miamala ya benki, msiruhusu kabisa.

Kuna kitu hakitegemei mashine. Ndani ya gemu hili kuna sehemu inayouza pakiti za wachezaji. Unalipa, kisha ndipo unajua umepata nani. Mwaka 2018 mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji iliona mauzo ya aina hiyo ni kamari, na mwaka 2019 EA ikaacha kuuza sarafu za kununulia pakiti hizo nchini humo. Kwetu bado zinauzwa. Mtoto akikuomba namba ya siri ya simu "mara moja tu", jua ni pakiti.

Je, kompyuta haifai?

Inafaa, tena sana, kama nyumba inahitaji kompyuta kweli. Mtoto wa sekondari anaweza kujifunza kuandika, kukokotoa, hata kutengeneza magemu yake mwenyewe. PS haitamfundisha hayo. Kama hela yako inatosha kitu kimoja na mtoto anahitaji kompyuta kwa masomo, nunua kompyuta ya masomo ya kawaida, na gemu lisubiri. Ila usinunue kompyuta ya gemu ukaibatiza jina la masomo. Nilibatiziwa mimi, na nimekwambia ilivyoishia.

Ukiinunua, iwe na meza yake sebuleni, kioo kikitazama watu, na chaja ilale chumbani kwako.

Na tusiogope kupita kiasi. Watoto wengi wanaocheza magemu hawana ugonjwa wowote. Shirika la Afya Duniani limeliweka tatizo la kucheza magemu kupindukia kwenye orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022, lakini kwa masharti: mchezaji ameshindwa kujizuia, gemu limetangulia mbele ya mambo mengine yote, na anaendelea ingawa anaona madhara. Kwa kawaida hali hiyo iwe imedumu miezi 12 au zaidi, na iwe imevuruga maisha yake ya nyumbani au shule. Mtoto anayenuna ukizima runinga hajafika huko. Mtoto aliyeacha kula na wenzake, aliyeacha mpira wa uwanjani na anayedanganya kuhusu usiku wake, mpeleke akaonane na mtaalamu. Usisubiri mwaka uishe.

Shirika hilo hilo linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kukimbia na kuchezesha mwili kila siku. Kwa dada ikawa sheria: uwanjani kwanza, runinga baadaye.

Swali nililomuuliza mwenyewe

Baada ya maelezo yote hayo, niliomba nipewe mhusika.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hongera kwa kufaulu. Haya, kompyuta ya nini?"

"Ya kusomea."

Nilicheka, maana ndiyo maneno niliyomwambia baba. Nikamuuliza swali jingine: "Na gemu unataka kucheza na nani?"

Akanyamaza kidogo. "Na baba, akirudi safari."

Shemeji ni dereva wa lori, Dar es Salaam hadi Lubumbashi. Anaondoka wiki tatu, mara nyingine tano, foleni za mpakani zikiwa mbaya. Akirudi, hukaa siku nne. Nilikuwa sijui kwamba moja ya siku hizo huwa anakwenda na mwanawe kwenye banda la gemu la mtaani, wanalipia mechi, na shemeji anafungwa tano bila huku akigoma kuinuka.

Kompyuta nayo hukubali pedi mbili, ni kweli. Lakini kioo cha inchi 15 na kiti kimoja vimetengenezwa kwa mtu mmoja. Runinga ya sebuleni ina kochi mbele yake. Nilimrudishia mama yake simu nikamwambia, jibu analo mwanao.

Walichukua PS4 iliyotumika, pedi mbili, diski moja na stabilaiza. Kabla ya kulipa, tuliiwasha pale pale dukani: ikasoma diski, feni haikulia kama jenereta, pedi zote mbili hazikumkimbiza mchezaji zenyewe. Tukahakikisha pia haijavunjwa programu yake, kwa sababu mashine ya namna hiyo inaweza kufungiwa mtandaoni.

Usidhani mambo yalinyooka. Wiki ya kwanza kulikuwa na vita na bibi kuhusu tamthilia ya saa moja. Wiki ya pili, dada aliamka saa saba usiku kwenda chooni akaona mwanga chini ya mlango wa sebule. Mpwa wangu alikuwa amekaa sakafuni, sauti amezima, pedi mkononi. Alinyang'anywa siku kumi. Tangu hapo pedi zinalala kwenye kabati la mama, kando ya kadi za kliniki.

Dada aliponisimulia alikuwa na hasira. Mimi nilishukuru. Kile alichokiona kwa sababu ya mwanga chini ya mlango, baba yangu hakukiona kwangu muhula mzima.

Maswali sita kabla ya kutoa hela

1. Mashine itakaa wapi usiku?

2. Mtoto atacheza na nani: ndugu, mzazi, rafiki, au mtu asiyemjua?

3. Rafiki zake wana mashine gani?

4. Bando, ada, umeme na pedi ya pili vinafika shilingi ngapi kwa mwezi?

5. Nani atashika namba ya siri?

6. Atalala saa ngapi, na nani atahakikisha?

Kompyuta ya masomo bado ni deni. Dada anasema itakuja kidato cha tatu, kikoba kikijaliwa.

Wiki iliyopita shemeji alirudi kutoka Lubumbashi. Alikuta mwanawe amekaa kochini na pedi ya pili imewekwa tayari. Amefungwa tatu kwa moja. Dada anasema hilo moja lilishangiliwa mpaka jirani akagonga ukuta.